Birika la Bethzatha na Mafuta ya Moshi: Uhakiki wa Injili ya Mafanikio katika Huduma ya Mtume Boniface Mwamposa

1. Utangulizi

Jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha katika viwanja vya Majengo mjini Moshi. Walikuwa wamekuja kwenye ibada ya Mtume Boniface Mwamposa, kiongozi wa huduma ya Inuka Uangaze yenye makao yake Kawe, Dar es Salaam, mhubiri ambaye wafuasi wake humwita Bulldozer. Umati ulialikwa kupita juu ya mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Watu wakasukumana kuyafikia. Wenye nguvu wakatangulia, walioanguka wakakanyagwa. Mhubiri huyo alikamatwa na polisi Dar es Salaam. Hata hivyo huduma yake haikufifia. Katika miaka iliyofuata mikesha yake pale Kawe imeendelea kujaza watu, na mahubiri yake yanasikika kwa televisheni na kwa simu hadi vijiji vya mbali.

Kama palikuwa na kosa la jinai, kulichunguza ni kazi ya vyombo vya dola, wala makala hii haikusudii kuhukumu jambo hilo. Swali letu ni la kitheolojia. Moshi ni makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa letu. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na tangu hapo Neno limehubiriwa na Sakramenti zimetolewa kwenye miteremko ya mlima ule kwa zaidi ya karne nzima. Ni nini basi ambacho watu wa mji wa namna hii walikwenda kukitafuta Majengo? Na ni nini katika mafundisho yale kilichomfanya jirani awe kizuizi kati ya mtu na baraka yake?

Hoja ninayotaka kuitetea ni hii: injili ya mafanikio huigeuza neema ya Mungu kuwa kitu haba, cha kugombaniwa, na sisi Walutheri, kwa njia zetu wenyewe, tumewazoeza washarika wetu kuielewa neema hivyo hivyo.

2. Asili ya mafundisho haya

Mtume Mwamposa hakuyaanzisha mafundisho haya. Katika Marekani, E. W. Kenyon (1867–1948) alifundisha kwamba mwamini huvuta yaliyo yake kwa ukiri wa kinywa, na Kenneth Hagin (1917–2003) akaeneza fundisho hilo hata likawa vuguvugu zima. Oral Roberts wa Oklahoma alianza kuonyesha mikutano yake ya uponyaji kwenye televisheni mwaka 1955. Yeye ndiye aliyewaomba watazamaji waweke mkono juu ya redio au televisheni, ili kifaa hicho kiwe mahali imani yao inapogusana na maombi yake. Yeye ndiye pia aliyeipa sadaka jina la mbegu: mtoaji hupanda fedha na kungoja mavuno kutoka kwa Mungu. Katika Afrika, Benson Idahosa wa Benin City (1938–1998) alikuwa miongoni mwa waliolipa fundisho hili sauti ya Kiafrika.

Kwetu televisheni ilichelewa. Zanzibar ilianza kuwa nayo mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kizazi cha kwanza cha wahubiri wa mijini waliojulikana kwa njia hiyo ni akina Askofu Zachary Kakobe wa Full Gospel Bible Fellowship na Mchungaji Getrude Rwakatare wa Mikocheni, aliyefariki Aprili 2020. Baada ya kuzimwa kwa mitambo ya analojia kuanzia mwisho wa 2012, njia za matangazo ziliongezeka, na huduma moja ikaweza kuwa na kituo chake chenyewe. Mtume Mwamposa ni mhubiri wa kizazi hiki cha pili. Ana kituo chake cha televisheni, ana viwanja vya Kawe palipokuwa kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, na ana mafuta na maji ya upako ambayo mtu huweza kwenda nayo nyumbani. Kwa Oral Roberts mguso ulipita kwenye kifaa cha matangazo. Kwa Mtume Mwamposa mguso umerudi kwenye vitu vyenyewe, navyo hutumika pamoja na matangazo.

3. Swali la mali

Wakosoaji wengi huanza na utajiri wa mhubiri: ana magari mangapi, nyumba yake ikoje, sadaka huenda wapi. Swali hilo ni halali, lakini halitufikishi mbali. Mwishoni mwa mwaka 2017 Askofu Kakobe alitamka hadharani kwamba ana fedha kuliko serikali. Mamlaka ya Mapato ikafanya uchunguzi, na Februari 2018 ikatoa taarifa kwamba yeye binafsi hana akaunti ya benki, ila ni mtia saini wa akaunti za kanisa zenye zaidi ya shilingi bilioni 8. Yalikuwapo madai ya kodi, nayo yalilipwa.

Hapo ndipo ukosoaji wa namna hiyo unapokoma. Ukishathibitisha kwamba kodi imelipwa, huna tena la kusema. Lakini mhubiri maskini aweza kuhubiri injili potofu ya mafanikio, na Ibrahimu alikuwa tajiri pasipo kuihubiri. Mwanafunzi wa theolojia anapoulizwa juu ya wahubiri hawa, asikimbilie kuhesabu magari. Aulize kwanza: katika mahubiri haya, Mungu hutoa kwa namna gani, na humpa nani? Swali hilo litamfikisha Majengo.

4. Birika la Bethzatha

Injili ya Yohana, sura ya 5, yasimulia juu ya birika huko Yerusalemu, lenye matao matano, ambapo wagonjwa wengi walilala wakingoja maji yatibuliwe. Wataalamu wa matini wanatukumbusha kwamba maelezo juu ya malaika katika aya ya 4 hayamo katika nakala za kale zilizo bora. Hata hivyo aya ya 7 yaonyesha imani waliyokuwa nayo watu wa mahali pale: anayewahi kuingia ndiye anayepona. Mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38 anamweleza Yesu kwamba hana mtu wa kumtia majini, na kila anapojikokota, mwingine humtangulia.

Tutazame jinsi birika hilo linavyofanya kazi. Kwanza, huwapendelea walio na nafuu. Mwenye jipu kidoleni atamtangulia aliyepooza, na kadiri mtu anavyohitaji zaidi ndivyo anavyozidi kuwa mbali na msaada. Pili, humgeuza mgonjwa mwenzako kuwa mshindani. Matao matano yamejaa watu wenye maumivu yanayofanana, lakini hakuna hata mmoja wa kumwinua mwenzake, maana kumwinua ni kujinyima. Tatu, anayekosa hujiona ana kosa. Miaka 38 baadaye, maelezo aliyo nayo mtu yule ni ya kushindwa kwake mwenyewe.

Sasa tutazame anachofanya Bwana Yesu. Hambebi mtu yule hadi majini. Hapangi foleni iliyo ya haki zaidi. Analiacha birika kabisa, na kumponya kwa neno. Aya ya 13 inaongeza jambo ambalo wahubiri wa mafanikio wangepaswa kulitafakari kwa kina: mtu yule hakujua hata aliyemponya ni nani. Hakuwa na ukiri wa kinywa wala mbegu ya kupanda, na imani ya kutosha kumvutia muujiza hakuwa nayo. Neema ilimjia aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, naye hakuwa amefanya lolote.

Mafuta yanayomwagwa chini ili umati uyakanyage ni Bethzatha tena. Baraka imewekwa mahali pamoja, kwa saa moja, na njia ya kuifikia ni nyembamba. Anayefundishwa hivyo, akaamini kwa moyo wake wote, anafanya nini ila kukimbia? Waliosukumana Majengo walikuwa wameyaelewa vema waliyofundishwa.

Msomaji aweza kupinga: msongamano huua watu popote. Machi 2021, watu 45 walikufa katika msongamano wa kuaga mwili wa Rais Magufuli kwenye Uwanja wa Uhuru, na pale hapakuwa na mafuta. Pingamizi hili lina uzito, nami nakubali kwamba milango finyu na ulinzi hafifu vyaweza kuua watu wa dini yoyote. Lakini tofauti ipo. Uwanja wa Uhuru haukumwahidi mtu yeyote kwamba maisha yake yatafunguliwa akifika mbele. Pale Majengo ilitolewa ahadi ya Mungu, na ahadi hiyo ndiyo iliyowavuta watu waelekee mahali pamoja. Ukuta mpana ungeweza kuokoa maisha, na ni wajibu wa kila mwandaaji kuujenga, usingelisahihisha fundisho.

Tena, fundisho hili halina neno kwa ajili ya wafu wale 20. Kama baraka ni ya mwenye imani anayefika, aliyekufa hatua chache kabla ya kufika atasemwaje? Yabaki kusema kwamba imani yake ilipungua, au kwamba adui alimshinda. Martin Luther, katika mdahalo wa Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha theolojia ya utukufu, inayomtafuta Mungu katika nguvu na mafanikio, na theolojia ya msalaba, inayomwona Mungu katika mateso na udhaifu. Wengi wetu tulijibu swali hilo kwenye mtihani tukapata alama nzuri. Thamani yake hujulikana kaburini. Mchungaji aliyeitwa kumzika mmoja wa watu wale aliweza kuwaambia wafiwa kwamba Mwana wa Mungu naye alikufa katikati ya kelele za umati, na kwa hiyo marehemu hakuwa mahali ambapo Kristo hajafika.

5. Mafuta ya Yakobo

Isidhaniwe kwamba kosa limo katika mafuta. Wanafunzi wa Yesu waliwapaka wagonjwa mafuta (Mk 6:13), na waraka wa Yakobo wawaagiza wazee wa Kanisa kufanya hivyo (Yak 5:14). Sisi tunaobatiza kwa maji na kula mkate na divai hatuna sababu ya kumdharau mtu anayetaka kuigusa neema kwa ngozi yake. Mungu hutujia kwa vitu vinavyoshikika. Hilo ni fundisho letu kabla halijawa la mtu wa Kawe.

Lakini tuangalie ni nani anayetembea. Katika waraka wa Yakobo mgonjwa amelala nyumbani, anatuma watu, na wazee wanakwenda kwake na mafuta yao. Katika mkutano wa uwanjani mgonjwa ndiye anayesafiri, na mafuta yanamngoja. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini injili nzima imo ndani yake. Wa kwanza wanamwonyesha Mungu anayekuja. Wa pili wanamwonyesha Mungu anayefuatwa na wenye nauli.

Nauli si neno la mfano tu. Katika kata ya Litumbandyosi, wilayani Mbinga, ambako nimezoea kwenda kuhudumu wakati wa likizo za chuo, safari ya kufika Kawe ni karibu kilometa 1,000, kupitia Songea, Makambako, Iringa na Morogoro. Sisi Walutheri ni wachache huko, katikati ya jirani zetu Wakatoliki, na ukishuka ufukoni mwa Ziwa Nyasa utawakuta Waanglikana. Lakini matangazo yanatufikia sote sawasawa. Paneli ndogo ya sola, ungo juu ya bati, au simu moja inayozungukwa na watu sita, vyatosha. Mama mwenye mtoto mwenye homa usiku wa manane humpata mhubiri wa Dar es Salaam kabla hajampata mwinjilisti wa mtaa wake. Mhubiri huyo anazungumza Kiswahili chepesi, anayataja matatizo kwa majina yake: kodi ya nyumba, ndoa iliyochelewa, tumbo lisiloshika mimba, biashara isiyosonga. Anamwambia mtazamaji kwamba Mungu ameliona tatizo lake yeye. Hatuna budi kukiri kwamba huo ni uchungaji, na kwamba anaufanya kila siku.

Mkulima wa Umatengo, hata hivyo, anajua jambo moja juu ya mbegu ambalo Oral Roberts hakulitaja. Ngoro, yale mashimo yachimbwayo kwenye miteremko ili majani yaoze chini ya udongo na maji ya mvua yasiuchukue, huandaliwa kwa jasho, na mbegu iliyopandwa juu yake hungoja mvua. Mpandaji hamdai Mungu. Anashukuru akivuna, na akikosa jirani humsaidia. Wazee wa Kimatengo walikuwa pia na sengu, mahali ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kushauriana chini ya mzee wao. Chakula kililetwa kutoka nyumba mbalimbali, na ambaye nyumba yake haikuwa na kitu alikula pamoja na wengine. Aliyekulia kwenye desturi hiyo hahitaji maelezo marefu ili aelewe Meza ya Bwana, na ndiye hasa angepaswa kushangaa kuona baraka inakimbiliwa.

6. Mabirika yetu wenyewe

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni ya kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na aliyekitoa, Ambilikile Mwasapile, alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa letu. Wapo waliofia njiani wakingoja. Hapakuwa na kituo cha televisheni chake wala fundisho la mbegu, na bei ilikuwa moja kwa wote. Kwa hiyo kiu hii haikuletwa na Oral Roberts wala na Mtume Mwamposa. Ilikuwamo ndani ya viti vyetu, nasi hatukuwa tumeitambua.

Tujiulize pia watu wanajifunza nini kwetu Jumapili kwa Jumapili. Zipo sharika ambamo muda wa matangazo na michango hushinda muda wa mahubiri. Zipo ambamo majina ya wasiomaliza ahadi zao husomwa mbele ya kusanyiko, na wapo wafiwa walioulizwa kadi ya michango ya marehemu kabla ya kupangiwa maziko. Mnada wa mazao baada ya ibada ni desturi nzuri: kuku wa mjane hugeuka kuwa fedha ya injili. Lakini mnada unapogeuka kuwa jukwaa la wenye uwezo kupigiwa makofi, mjane huyo anajifunza kwamba hata hapa aliye na nguvu hutangulia. Akisha kufundishwa hivyo na sisi kwa miaka 20, atashangaa nini atakapoalikwa kukimbia?

Mwaka 1517 Luther alipinga biashara ya hati za msamaha, kwa sababu ilimfundisha maskini kwamba rehema ya Mungu ina bei. Kila tarehe 31 Oktoba tunaikumbuka siku hiyo kwa kwaya. Hatuwezi kumkemea Tetzel wa Kawe na kumwacha Tetzel wa ofisi ya usharika.

7. Yatupasayo

Kwanza, tuwarudishie wagonjwa mafuta ya Yakobo. Wachungaji waende nyumbani pamoja na wazee wa Kanisa, wakiwa na Neno, mafuta na Chakula cha Bwana. Pasiwe na bahasha katika ziara hiyo. Mahali ambapo mchungaji mmoja ana mitaa mingi, wainjilisti na wazee wafundishwe kuomba na mgonjwa pasipo woga.

Pili, ungamo la faragha na ondoleo la dhambi, ambalo Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 11 linataka lidumishwe, lirejeshwe kwa vitendo. Anayetafuta kutajwa kwa jina kwenye skrini anatafuta neno ambalo tulipewa kulitamka sikioni mwake: kwamba haya yametendeka kwa ajili yako.

Tatu, vyuo vyetu vifundishe kwa makini maandiko yanayotumiwa na wahubiri hawa, hasa Malaki 3, 3 Yohana 2 na 2 Wakorintho 8 na 9, ili mhitimu aweze kuyafafanua mbele ya washarika kwa lugha nyepesi kama ile ya mpinzani wake. Kejeli haijamrudisha mtu yeyote nyumbani.

Nne, majina ya wadaiwa yasisomwe tena kanisani. Hili halihitaji mkutano mkuu wa dayosisi. Mchungaji aweza kulianza Jumapili ijayo.

Yesu alipomaliza kazi yake Bethzatha, birika lilibaki mahali pake, na bila shaka wengine waliendelea kulizunguka. Yohana hatuambii kwamba alilibomoa. Anatuambia kwamba baadaye Yesu alimkuta mtu yule hekaluni akazungumza naye tena. Uwanja wa Kawe nao utaendelea kujaa, na si kazi yetu kuufunga. Kazi yetu ni kumfikia yule ambaye hana mtu wa kumtia majini, kumkuta tena baada ya hapo, na kuendelea kumtembelea hata kama hatapona.